Corona ya Mahari Haipumui

Nyarugusu, Geita
Aprili 6, 1997

Dada Mama Nelly,

Leo nimetimiza mwaka mmoja na miezi mitano tangu nipande lori la pamba pale Samuye na kumwambia baba kwamba narudi baada ya mavuno. Sikusema mavuno yapi.

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini na wewe u mzima huko Ngokolo, pamoja na shemeji Masele, na Nelly, na majirani zenu wote isipokuwa yule mwenye mbwa.

Barua yako Fahim mnunuzi wa dhahabu aliniletea juzi. Mara ya kwanza niliisoma nimekaa, mara ya pili nimesimama. Unasema ng'ombe wameuzwa wote. Dada, wale ndio walioletwa na Masele alipokuoa wewe. Ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kwa kaka anapokwenda kuoa, hivyo ndivyo ilivyo kwetu na hivyo ndivyo baba alivyoniahidi. Walikuwa wa kumwolea Scolastika wa mzee Maganga. Nilikuwa nawajua kwa rangi na kwa tabia. Sasa mtu yuleyule aliyewaswaga kuja kwetu amemshawishi baba awauze kwa sababu ya ukame, akaenda Dar es Salaam, akarudi na Corona ya mitumba kutoka Japani. Unasema kauli yake ni kwamba gari halitaki malisho wala chanjo. Kweli. Maziwa nayo halina.

Tena mmekubaliana gari hilo ndilo lipelekwe kwa mzee Maganga kuwa mahari. Sijapata kusikia jambo hilo, lakini huku machimboni nimeona mtu akiposa kwa redio na betri zake, kwa hiyo labda mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Unaniuliza kuhusu ugonjwa wa gari: linawaka vizuri, linanguruma vizuri likiwa limesimama, ila likifika kwenye mwinuko linaishiwa kama mtu aliyelala na njaa, na abiria wanashuka kusukuma. Hiyo ni kabureta. Fundi aongeze mafuta yanayoingia. Mimi nafanya kazi karibu na pampu ya kuvuta maji, na ikikosa mafuta hufanya hivyohivyo.

Duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, linakwenda vizuri. Tumekaribia mwamba wenye mali.

Scolastika anasemaje?

Ni mimi mdogo wako,
Bujiku

*

Ngokolo, Shinyanga
Mei 11, 1997

Mdogo wangu Bujiku,

Marahaba. Sisi wazima. Nelly ameng'oka jino la mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Baba yuko Samuye, anakusalimu, na kila asubuhi bado anatoka kwenda kufungua zizi. Akifika anakumbuka. Jirani mwenye mbwa amenunua wa pili.

Ushauri wako tuliutekeleza siku hiyohiyo. Fundi Donatus alikorokochoa kabureta mpaka petroli ikawa inaingia kama maji ya bomba. Tangu hapo gari linanuka mayai viza. Tena sakafu yake inapata moto. Shangazi alikaa mbele kutoka Samuye mpaka mjini, na aliposhuka ndala moja ilibaki imeganda kwenye zulia. Alitembea sokoni na mguu mmoja mtupu, anamwambia kila anayemsalimu, "Nimetoka kwenye gari la Masele."

Kupanda mwinuko bado halipandi.

Donatus akasema ni plagi, tukabadili plagi. Akasema ni pampu ya mafuta, tukabadili pampu. Kila siku boneti iko wazi na wanaume sita wameinamia humo kama wanatazama maiti. Wa kwanza anasema, "Hii sauti mimi naijua." Wa pili anasema, "Hujui." Jioni wanafunika, kesho wanafunua.

Masele alikwenda kwa Dilip, yule wa duka la spea karibu na soko, kununua kabureta nyingine. Mimi nilikuwepo. Dilip akamwambia, "Shemeji, nikitaka nitakuuzia, hela napata. Lakini ningekuwa wewe ningeangalia kwanza bomba la moshi. Katikati yake kuna kile kitu kama mtungi wa bati. Ndani kina vitundu vitundu, mafundi wanakiita masega. Yakiziba, gari linakosa nguvu."

Masele akamuuliza, "Hayo masega unayauza?"

"Siyauzi. Hapa Shinyanga hakuna anayeyauza."

Tulipotoka Masele akaniambia, "Umemwona? Mwenye duka anayekukataza kununua ana lake jambo." Akaenda kununua kabureta kwenye duka lingine.

Kwenye kifuniko cha tangi kuna maandishi ya Kijapani mekundu. Masele huwaambia watu yameandikwa Hongera.

Fahim anasema unakohoa. Unakohoa nini?

Dada yako,
Melania

*

Nyarugusu
Julai 20, 1997

Dada Mama Nelly,

Shikamoo. Mwaka mmoja na miezi minane sasa. Barua yako ya mwezi wa tano imenifikia wiki hii, maana Fahim alizunguka Kahama kwanza na huko akaumwa. Mpe Nelly pole ya jino. Mwambie shangazi ndala nitamletea.

Yale ya kabureta yafuteni. Nimewauliza watu wa hapa kambini. Kambi hii ina watu wengi waliowahi kumiliki gari, ukiwasikiliza. Mmoja anasema gari limeonewa wivu, lizungushiwe dawa. Mwingine anasema Wajapani ni watu wepesi, wametengeneza gari la kubeba watu wepesi, na Wasukuma tuna mifupa mizito. Wa tatu alisema klachi, na huyo ndiye ninayemwamini, kwa sababu alisema kwa kifupi. Angalieni klachi.

Kuhusu kunuka mayai, hapa hakuna aliyejua, ila wote walicheka.

Duara linakwenda. Mwamba uko karibu zaidi kuliko mara ile.

Umeniandikia kuhusu jino, zizi, mbwa, ndala na kifuniko cha tangi. Nilikuuliza neno moja tu. Scolastika anasemaje?

Bujiku

*

Ngokolo
Septemba 14, 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Klachi tumebadili. Haikuwa klachi.

Nilikuwa sikujibu kuhusu Scolastika kwa sababu nilitaka kwanza gari lipone. Sasa limeshakwenda kuonwa, na afadhali usikie kwangu kuliko kwa Fahim.

Kuna kijana wa Songwa, mlinzi kwenye mgodi wa almasi. Ametuma watu kwa mzee Maganga mara mbili. Ana ng'ombe. Ng'ombe wenyewe, wenye pembe na mikia. Ndiyo maana Masele na baba waliharakisha kupeleka gari, na ndiyo maana sikukuandikia.

Tulikwenda Jumamosi. Donatus aliendesha taratibu, na pale penye mwinuko wanaume walishuka wakasukuma, halafu wakajipangusa vumbi ili tuingie kwa heshima. Nyumbani kwa mzee Maganga wazee walikuwa wameshakaa. Unajua mahari ikifika wenye binti hukagua kila mnyama, mbovu hurudishwa. Basi wakainuka kukagua.

Masele akafungua boneti. Hakuna hata mmoja aliyekwenda huko! Masele anaita, "Wazee, injini iko huku!" Mzee Maganga anamjibu, "Mdomo wake nimeuona. Mimi ng'ombe namkagua nyuma." Akazunguka na fimbo yake, na wenzake wakamfuata. Wakayapigapiga magurudumu. Mmoja akainama kutazama chini ya tumbo. Mzee Maganga akasema, "Mwashe."

Donatus akawasha. Mzee akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa bomba la moshi, akakaa nacho kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akasema, "Kanyageni mafuta." Donatus akakanyaga, injini ikalia, sisi tukaziba masikio. Mzee hakuondoa mkono. Akatugeukia.

"Huyu hapumui."

Masele akasema, "Mzee, gari halipumui."

"Lori la pamba linapumua. Nikisimama nyuma yake kofia inaruka. Huyu anapiga kelele zote hizo mbele, na huku nyuma haweki hata joto la maana mkononi. Anakula, tumbo lina moto, ananuka, na nyuma hakutoki kitu. Kwetu mnyama wa namna hiyo amefunga choo. Mrudisheni."

Baba yetu, ambaye haongei sana tangu ng'ombe wauzwe, akasema, "Hata mimi niliwaambia mwezi wa tano."

Na kweli alituambia. Tulimcheka.

Mzee Maganga amesema anasubiri mpaka mvua hizi zinazokuja zikatike. Baada ya hapo atawasikiliza watu wa Songwa. Scolastika hakusema kitu, maana hakuulizwa. Ila wakati tunasukuma gari kutoka uani alikuja kusukuma, upande wetu.

Sasa nijibu na wewe. Unakohoa nini?

Melania

*

Nyarugusu
Oktoba 19, 1997

Dada,

Shikamoo. Miaka miwili kasoro siku chache. Huku mvua zimeanza mapema na hazina adabu.

Barua yako nilimsomea Gregory. Huyu ni mzee wa Bukombe, aliendesha malori miaka mingi kabla ya macho kuchoka. Sikumuuliza mara ile kwa sababu hapendi kuwasemesha watu kabla hajaulizwa, na mimi niliwauliza wale wanaopenda. Nilipofika pale mzee Maganga anaposhika bomba, Gregory aliniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyo mzee angekuwa fundi angeharibu biashara za watu."

Anasema yule Dilip alisema kweli. Ni masega. Gari la Japani limetengenezwa kwa petroli isiyo na madini ya risasi, na petroli ya kwetu ina risasi. Risasi inatanda kwenye vile vitundu kama ukoko kwenye sufuria. Hilo ni la kwanza. La pili, mafuta yakizidi kwenye kabureta, yanapita bila kuungua, yanakwenda kuungulia hukohuko kwenye masega mpaka yanayeyuka na kujiziba. Hapo ndipo ulipotoka ule moto ulioondoka na ndala ya shangazi. Kwa hiyo ugonjwa ulianza wenyewe, na mimi na Donatus tukauongezea mboga.

Anataka mfanye hivi, na msinunue kitu. Gari likiwa limepoa, Donatus apige ule mtungi wa bati kwa ngumi. Ukisikia kitu kinacheza ndani kama mahindi kwenye debe, masega yamevunjika. Kama kimya, msiamini bado. Alegeze zile nati za bomba kabla ya mtungi, upande wa injini, abakize upenyo moshi utokee hapo. Kisha mpeleke gari kwenye ule mwinuko. Litapiga kelele mbaya sana. Likipanda, mmepata. Lisipopanda, Gregory anasema mumrudishie Mjapani.

Yakiwa ni masega, kwa kuwa mapya hayapatikani, mtungi ufunguliwe, yatolewe yote, ufungwe na kuchomelewa. Mwenye gari huko Japani angefungwa kwa kufanya hivyo, maana moshi utatoka mchafu. Gregory anasema huku wa kumfunga hayupo. Halafu, na hili alilirudia mara tatu, kabureta irudishwe kama ilivyokuwa. La sivyo petroli itawamaliza.

Na yale maandishi kwenye tangi, anasema si Hongera, ni onyo la petroli hiyo ya risasi.

Kifua changu kizuri. Huku kuna vumbi la mawe. Mvua zimelipunguza.

Alisukuma upande gani wa gari, kulia au kushoto?

Bujiku

*

Ngokolo
Januari 4, 1998

Mdogo wangu Bujiku,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilikaa Kahama barabara ilipokatika. Hapa nyasi zimefika kifuani, kwenye ardhi ambayo mwaka jana ng'ombe walilamba mawe. Baba hazitazami. Akipita njiani anatazama upande mwingine.

Nilimsomea Donatus barua yako yote. Akasema, "Mimi nilikuwa nataka kuanzia hapohapo." Nikamwambia, "Anzia." Akapiga mtungi kwa ngumi, ukalia kama mahindi kwenye debe. Wanaume sita walioinamia boneti tangu mwezi wa tano wakahamia chini ya gari. Akalegeza nati. Akawasha. Bujiku, mbwa wote wawili wa jirani walivunja uzio na hawajarudi! Mtaa mzima tunamshukuru Gregory.

Tukaenda kwenye mwinuko. Mimi nilikaa mbele na viatu vya ngozi. Gari lilipanda kama limesahau kitu juu. Masele alilia machozi. Alisema ni moshi.

Walipofungua mtungi vikatoka vipande, vya kijivu, vimeyeyuka upande mmoja kama sega lililopitiwa na moto, na hapakuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Masele alivikusanya kwenye gazeti, akavipeleka kwa Dilip. Nilidhani anakwenda kumwomba radhi. Alimwambia, "Unaona? Nilikuambia ni masega." Dilip akamjibu, "Asante kwa kuniambia, shemeji," akamwagizia chai.

Kabureta imerudishwa. Harufu imekwisha. Kelele zimebaki kidogo, ila za heshima.

Krismasi tulirudi kwa mzee Maganga. Hakuna aliyesukuma. Mzee akaenda nyuma moja kwa moja, akaweka kiganja, Donatus akakanyaga, na kofia ya mzee mwenzake aliyesimama nyuma ikaenda kwenye mihogo. Mzee Maganga akasema, "Huyu amepona." Masele akaanza kupiga makofi. Mzee akainua fimbo.

"Sijamaliza. Atazaa nini?"

Masele akasema, "Mzee, gari halizai."

"Sasa mimi nitoe binti anayezaa nipokee kitu kisichozaa? Ng'ombe wale wangekuwa wameshaongezeka kwa nyasi hizi. Mtu wa Songwa analeta majike."

Hapo baba akainama. Nikaona yamekwisha. Ndipo Scolastika, aliyekuwa anapita na maji, akasimama. Hakumtazama mtu. Akasema, "Baba, likikaa hapa uani halizai. Likibeba watu wa Samuye kwenda hospitali na sokoni, litaleta ndama mmoja mmoja. Mkataeni wa Songwa, mlipatie gari muda. Ila asiendeshe shemeji Masele. Aendeshe mwenye mahari yake."

Shangazi yake akamwambia, "We mtoto, nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

Mzee Maganga akaishusha fimbo. Kisha akatuambia: gari litabaki kwetu, kila mavuno litoe majike mpaka idadi itimie, na dereva ni Bujiku. Bujiku asipokuwa amekaa kwenye usukani kabla ya mwezi wa tatu, watu wa Songwa wanakaribishwa.

Kwa hiyo rudi. Na usiniandikie tena kuhusu mwamba. Fahim aliniambia tangu mwezi wa saba kwamba huna duara, kwamba unaponda mawe ya watu kwa nyundo kutwa nzima kwenye vumbi. Sikukwambia kuwa najua kwa sababu ulikuwa unaandika vizuri sana kuhusu gari.

Alisukuma upande wa kushoto.

Dada yako,
Melania

*

Nyarugusu
Februari 1, 1998

Dada Melania,

Shikamoo. Miaka miwili na miezi mitatu.

Ni kweli. Duara nilikuwa nalo miezi minne ya kwanza, nikiwa na wenzangu saba. Lilijaa maji, tukamwachia mtu mwenye pampu, na mpaka leo pampu inamvutia maji yeye. Tangu hapo naponda. Jiwe linaingia ukubwa wa ngumi, linatoka unga, unga ni wa mwenye mawe, na unaobaki ndio ninaoukohoa. Nimekwenda zahanati. Wamesema si kifua kikuu, ni vumbi, na dawa yake ni kuondoka. Dawa hiyo haikuwa na bei, kwa hiyo sikuiamini, kama Masele kwa Dilip.

Gregory anasema mimi na Corona tumeugua ugonjwa mmoja, na anacheka mpaka anakohoa yeye.

Sasa kuna neno moja sijalisema, na nakuomba lisimfikie mzee Maganga. Dada, mimi sijawahi kuendesha gari. Nimeandika kuhusu kabureta na klachi mwaka mzima, na usukani sijaushika hata siku moja. Tangu barua yako ifike, kila jioni Gregory ananikalisha juu ya debe. Nashika karai la kuoshea dhahabu kama usukani. Kuna tofali la kulia la mafuta, la katikati la breki, la kushoto la klachi, na kijiti cha gia. Yeye anakaa pembeni, anapiga kelele, "Ng'ombe mbele! Breki!" Wachimbaji wanakuja kutazama. Jana niliambiwa nimepinda kona vizuri. Juzi niliua mbuzi wawili na shangazi, lakini wa maneno tu.

Mwambie baba asilifungue zizi bure, likarabatiwe. Shangazi ndala zake ninazo. Mwambie Scolastika nimesikia upande aliosukuma.

Nyundo nimemwachia mwenyewe. Barabara ya Kahama inapitika tena. Nitashuka stendi ya Shinyanga Jumamosi, tarehe 28 Februari, kabla ya jua kuzama. Masele aje na gari, aendeshe yeye mpaka kile kisima kabla ya Samuye, pale ambapo nyumba ya mzee Maganga bado haionekani. Hapo tusimame, tubadilishane viti bila kuzima injini, ili wakinisikia wadhani nimeendesha mimi tangu mjini.

Mdogo wako,
Bujiku